Jogoo Anawika, Kifaranga Hakuna

Swali ni lilelile, anayeuliza tu ndiye hubadilika. Ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, wa Bokoli, Chwele au Kitale. Ana sukari miaka kadhaa sasa, na mkewe hajashika mimba. Anangoja muuguzi atoke, anasogeza kiti, kisha ananong'ona: "Daktari, mwenye sukari atafune mukombero vijiti vingapi kwa siku?"

Vyovyote apendavyo, mradi asitarajie mtoto.

Sina ugomvi na mzizi huu wa mukombero. Nimeutafuna safarini mara nyingi, na wanaouuza stendi wanasomeshea watoto. Ugomvi wangu ni na imani kwamba mzizi mmoja unaamsha jogoo, unazidisha mbegu na kushusha sukari, kazi tatu kwa shilingi chache.

Kusimama kwa uume ni kazi ya mishipa ya damu na neva. Kutengeneza mbegu ni kazi ya korodani. Jogoo anaweza kuwika kila alfajiri na bandani kusionekane kifaranga. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu kotekote: hudhoofisha mishipa na neva, huendana na upungufu wa homoni ya testosteroni, hasa kwa mwenye kitambi, na huweza kukatakata vinasaba ndani ya mbegu. Kisha kuna hili linalowashangaza wengi. Neva za kibofu zikiharibika, mlango unaopaswa kujifunga mtu anapofika kileleni hubaki wazi, manii yakarudi kibofuni. Raha anaipata, lakini kinachotoka ni tone au hakuna kabisa, na mkojo wa baadaye huwa na ukungu. Mbegu zipo, zimepotea njia tu. Mukombero utaufungaje mlango huo?

"Lakini umefanyiwa utafiti," huniambia. Kweli, basi tuusome. Sehemu kubwa ni ya panya, na ya mbegu zilizotiwa dawa maabara, si ya wanaume wenye sukari. Tena mwaka 2001 watafiti wa Kamerun waliripoti kwamba panya dume waliopewa mzizi huohuo kwa wiki kadhaa walipungukiwa mbegu na uwezo wa kuzalisha, hadi walipoachishwa. Hao panya muuzaji hawataji.

Kinachoniudhi zaidi ni anayeacha metformin kwa sababu rafiki kamwambia vidonge vya sukari "vinamaliza mwanamume." Kinachommaliza ni sukari isiyotibiwa! Na ule unga wa kienyeji wa nguvu za kiume unaofanya kazi ndani ya saa moja, ushuku. Bidhaa za namna hiyo zimekutwa mara nyingi duniani zikiwa zimechanganywa kisirisiri na sildenafil, ambayo ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti huweza kuua.

Haya, ya kufanya, upesi, foleni ni ndefu. Pima manii kabla ya kumrudisha mke kwao: kaa siku 2 hadi 7 bila tendo, kisha peleka sampuli. Ikiwa chini ya mililita 1.4, omba mkojo wa baada ya kumwaga upimwe nao. Omba kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Meza dawa zako, punguza kitambi, acha sigara na chang'aa. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo rudia kipimo baada ya muda huo, usije kesho. Jogoo akigoma, vidonge halali vipo. Taja kwanza dawa zako zote. Manii yakirudi nyuma, kuna dawa zinazoweza kusaidia mlango kufunga. Zikishindwa, mbegu hutolewa kwenye mkojo ulioandaliwa zikatumika kupandikiza, kwa rufaa ya kituo kikubwa.

Na mje wawili. Nimechoka kumwona mke aliyepimwa mara nne akifuatwa na mume asiyepimwa hata mara moja. Mukombero kama ni lazima, beba. Tutautafuna tukingoja majibu ya maabara.