Je, Wajua? Badiliko Dogo, Mlipuko Mkubwa

Je, wajua kwamba badiliko dogo tu ndani ya kirusi laweza kukipatia mbu mpya wa kukisambaza?

Virusi vya ugonjwa wa chikungunya vilitambuliwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953, kusini mwa Tanganyika. Mwaka 2004 ugonjwa huo ulizuka Lamu na Mombasa, na mwaka 2005 ukafika Komoro na kuingia kisiwa cha Réunion.

Mjini Mombasa msambazaji alikuwa mbu aina ya Aedes aegypti. Réunion, aliyejaa ni binamu yake, Aedes albopictus. Hapo ndipo aminoasidi moja ya protini ya ganda la kirusi, katika nafasi ya 226, ilipobadilika kutoka alanini kuwa valini. Aina hiyo mpya hupenya kwa urahisi zaidi utumbo wa albopictus na kuwahi kufika kwenye tezi za mate. Takriban theluthi moja ya wakazi wa kisiwa hicho waliugua.

Mbu hawa wote wawili huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Mwaga maji yaliyotuama kwenye ndoo, matairi na vifuu.