Kompyuta imegoma kuwaka? Usikubali haraka kwamba mazabodi imekufa



Juzi kati nilikuwa Ujiji, kwenye kafe ndogo ya mama mmoja ambaye tumezoea kumwita shangazi. Mashine nne, printa moja na skana moja. Usiku umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, halafu ukarudi kwa kishindo. Asubuhi mashine namba tatu ikagoma. Unabonyeza, kimya. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna kitu.

Sasa hiyo namba tatu ndiyo yenye skana. Humo ndani kuna vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya shule vya vijana kibao wa Ujiji, maana watu wakishaskani huwa wanaacha mafaili hapo hapo. Na pale kwenye benchi alikuwa amekaa dada mmoja aliyemaliza kidato cha sita, anaomba mkopo wa chuo, zimebaki siku mbili dirisha lifungwe. Nyaraka zake zote zimo kwenye namba tatu. Flashi hana, na karatasi zenyewe zimesharudi kwao Kalya kwa boti.

Akaitwa fundi kutoka mjini. Akabonyeza mara mbili, akainama akanusa kwa nyuma, akasema: "Mama, hii mazabodi imekwenda." Kuweka nyingine laki moja na nusu. Au kama mama hana, yeye yuko tayari kuichukua kama ilivyo kwa elfu ishirini. Shangazi alishaanza kuitikia hiyo elfu ishirini. Nikamwambia, shangazi, nipe mpaka saa nane mchana, ikishindikana muuzie.

Mimi si fundi wa cheti. Nimeishia kidato cha nne, mengine nimeyaokota kwa kukaa kafe na kuharibu vyangu mwenyewe. Lakini najua kwamba "haiwaki" si ugonjwa mmoja. Umeme una safari yake kutoka ukutani mpaka kwenye mazabodi, na ukikwama popote njiani, wewe unaona kitu kile kile: kimya. Kwa hiyo unaanzia ukutani.

Nilichomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Simu ikachaji, soketi nzima. Nikachomeka kwenye ekstensheni, ikachaji. (Ekstensheni za bei chee zinazouzwa barabarani nimeshazikuta zimekufa mara nyingi kuliko kompyuta.) Halafu waya wa umeme wenyewe. Waya wa skrini na waya wa CPU, yaani lile boksi, mara nyingi ni wa aina moja, kwa hiyo badilisha uone. Na ile plagi ya miguu mitatu ya bapa ina fyuzi ndani, kitu cha shilingi mia kadhaa ambacho watu wanakisahau kabisa. Kwetu vyote vilikuwa sawa.

Nyuma ya boksi kuna swichi yenye alama ya O na I. Lazima iwe kwenye I. Usicheke, mtu akifagia au akisogeza meza inagongwa. Ila kuna swichi nyingine nyekundu, ndogo, yenye namba 115 na 230. Hiyo ndiyo ya kuogopa. Umeme wetu ni volti 230. Mashine za mitumba kutoka Marekani zinaweza kuja zimewekwa 115, kwa sababu wao wanatumia umeme mdogo. Binamu yangu aliletewa moja na mjomba wake, akaichomeka kwa furaha zote, ikapiga paa! moshi, nyumba ikanuka wiki nzima. Kwa hiyo mashine ngeni ikifika, itazame hiyo swichi kabla ya kuchomeka. Zisizo na hiyo swichi nyingi zinajirekebisha zenyewe, soma kibandiko cha nyuma: kikisema 100-240 huna wasiwasi.

Baada ya hapo nikachomoa waya wote, nikabonyeza kitufe cha kuwashia nikakishikilia kama nusu dakika, nikachomeka tena. Hii inaonekana kama uganga lakini ina maana yake. Umeme ukirudi kwa kishindo, pawa saplai (lile boksi la chuma la ndani linalogawa umeme) inaweza kujifunga ili ijilinde, na chaji iliyobaki ndani inaizuia isifunguke. Ukiimaliza hiyo chaji, mara nyingine mashine inaamka kana kwamba haikuwa na lolote. Yetu haikuamka.

Ikabidi nifungue. Chomoa waya kwanza, gusa chuma cha boksi ili umeme wa mwilini utoke, ndipo uondoe mfuniko. Ndani kulikuwa na vumbi letu jekundu, mende wawili wakavu na, nikumbushe mbele, mavi ya panya.

Nikatazama kapasita za kwenye mazabodi, vile vikopo vidogo vilivyosimama. Kichwa kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kikitoa ute wa kahawia, hapo fundi ana haki ya kusema mazabodi inaumwa. Mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilisumbua sana kwa hili, viwandani huko Asia zilitoka kapasita mbovu nyingi, na sisi mitumba yake ilitufikia. Za shangazi zilikuwa bapa zote.

Halafu nikachomeka umeme bila kuwasha, nikachungulia. Kataa kadogo ka kijani kwenye mazabodi kanawaka! Hapo nikajua fundi hakutazama. Kale kataa kanapata volti 5 ambazo pawa saplai inazitoa muda wote hata mashine ikiwa imezimwa. Kakiwaka, umeme umefika mpaka kwenye mazabodi. Haimaanishi kila kitu ni kizima, lakini maneno ya "imekwenda" yanakuwa ya mapema. (Kama hakawaki, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai, na hiyo inabadilishwa kwa bei ndogo kuliko mazabodi. Ila usifungue boksi lake. Hata ukiwa umechomoa waya, ndani kunaweza kubaki volti kama 300, zinaua.)

Umeme umefika, mashine haiwaki. Kilichobaki ni amri ya kuwaka. Kitufe unachobonyeza mbele hakibebi umeme mkubwa, kazi yake ni kugusanisha nyaya mbili nyembamba zinazoenda kwenye pini mbili za mazabodi, pembeni chini, mara nyingi zimeandikwa PWR. Nikachomoa kile kiplagi chake, nikazigusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja tu.

Feni ikazunguka. Yule dada akapiga kelele mpaka wateja wa duka la jirani wakaja kuchungulia.

Kufuata waya nyuma ya kitufe, panya alikuwa ameula umebaki uzi. Basi umeme wa usiku tuliusingizia bure, au labda wote wawili walikuja usiku mmoja, sijui. Dawa yake: kuna kitufe kingine kidogo mbele, cha riseti, ambacho hakuna anayekitumia. Waya wake ulikuwa mzima. Nikachomoa kiplagi cha riseti nikakichomeka kwenye pini za PWR. Gharama, shilingi sifuri. Angalizo: mashine nyingine za kampuni kubwa hazina pini za namna hii, zina plagi moja ya pamoja, hapo tafuta mtu anayeijua.

Ikawaka, lakini tovuti ya maombi ikagoma kufunguka, inasema muunganisho si salama. Saa ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka kumi na zaidi! Hiyo ni betri ya saa, ile ya duara kama sarafu, CR2032, imekwisha. Tukarekebisha tarehe kwa mkono, tovuti ikafunguka. Yule dada alituma maombi yake saa kumi jioni.

Sasa, kilichoniuma zaidi ni ile elfu ishirini. Tuseme mazabodi ingekuwa imekufa kweli. Mafaili hayakai kwenye mazabodi, yanakaa kwenye diski, na diski inachomolewa inachomekwa kwenye mashine nyingine inasomeka. Shangazi alikuwa anakaribia kuuza vyeti vya nusu ya vijana wa mtaa bila kujua, na yule dada angeambiwa pole. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo hata kisheria mwenye kafe yuko pabaya. Ukiuza mashine mbovu, baki na diski yako. Na wewe mteja, ukishaskani, tuma kwenye barua pepe yako, halafu futa mpaka kwenye kapu la taka.

Kuhusu umeme, wakubwa wanakumbuka mpaka 2022 Kigoma tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Mashine nyingi za kafe zetu zimepita maisha hayo, ni wazee. Umeme ukikatika chomoa, ukirudi subiri dakika tano utulie.

Shangazi ameziba tundu la nyuma ya boksi kwa kipande cha wavu. Ukienda pale ukakaa namba tatu, usihangaike na kitufe kikubwa. Bonyeza kile kidogo cha chini.

Nawasilisha.