Kasi moja hadi utepeni: Somo la Ndereba kwa chipukizi wa Wang'uru

MBIO za sakafuni, walinena wahenga, huishia ukingoni. Ni nadra kupata mchezo unaothibitisha methali hii kuliko marathoni, mbio za kilomita 42.195 ambazo huwahadaa wengi katika kilomita 10 za kwanza na kuwaadhibu katika 10 za mwisho.

Kijana wa Wang'uru anayejiandaa kwa marathoni yake ya kwanza aghalabu hujiuliza namna ya kuongeza kasi. Swali lililo muhimu zaidi ni namna ya kuizuia. Anayeanguka njiani mara nyingi si yule aliyekosa mbio, bali ni yule aliyezitumia mapema. Miezi ya mazoezi, nauli na ada ya kujiandikisha huweza kupotea kwa pupa ya nusu saa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Anayetaka kumaliza kwa saa tatu na nusu anahitaji kukimbia kila kilomita kwa muda usiofika dakika tano, yaani dakika 4 na sekunde 58. Tuseme anachangamka na kuharakisha kila kilomita kwa sekunde 20 katika 10 za kwanza. Amejipatia akiba ya dakika tatu na sekunde 20. Akichoka na kuchelewa kwa dakika moja katika kila kilomita ya 10 za mwisho, atapoteza dakika 10.

Sababu imo mwilini. Misuli na ini huhifadhi kiasi maalumu cha sukari, na mwendo wa kasi huiteketeza upesi zaidi. Kwa wakimbiaji wengi akiba hiyo hupungua sana baada ya kilomita 30. Hapo miguu huwa mizito kama magogo, na hata moyo wa ushujaa hausaidii.

Mfano kutoka Nyeri

Wakazi wa maeneo ya Mlima Kenya hawahitaji kwenda mbali kutafuta mwalimu. Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri, alikimbia Chicago mwaka 2001 kwa saa 2:18:47, rekodi ya dunia wakati huo. Huo ni wastani wa takriban dakika 3 na sekunde 17 kwa kila kilomita. Alishinda Boston mara nne na ubingwa wa dunia mara mbili, mwaka 2003 na 2007.

Sifa yake kuu ilikuwa subira. Katika Olimpiki za Athens mwaka 2004, kwenye joto kali, aliwaacha wengine watangulie, kisha akawapita mmoja baada ya mwingine hadi akatwaa nishani ya fedha. Mizuki Noguchi wa Japani alimshinda kwa sekunde 12 tu.

Hata hivyo, subira nayo ina gharama yake. Beijing, mwaka 2008, Constantina Tomescu wa Romania alichomoka mapema na kundi likamwacha aende. Ndereba alimaliza wa pili, sekunde 22 nyuma yake. Kudumisha kasi, basi, si kusinzia. Ni kuijua kasi yako mwenyewe na kuishikilia, hata kama wenzako wanakwenda polepole.

Kelvin Kiptum alidhihirisha jambo hilo Chicago mwaka 2023 alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35. Nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 60 na sekunde 48, na ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47.

Mifereji ya Mwea

Milima ya Nyeri hujenga nguvu za mapaja na mapafu. Lakini kwa kujifunza mwendo usiobadilika, tambarare ya Mwea ni darasa bora. Barabara za kando ya mifereji ya mashamba ya mpunga hazina miinuko mikali ya kumvuruga mkimbiaji. Mtu aweza kupima kilomita moja kwa simu, akaweka jiwe kila upande, na uwanja wake ukawa tayari.

Zoezi la kwanza ni kukimbia kilomita hiyo mara sita hadi nane kwa kasi ya siku ya mashindano, akipumzika kwa dakika moja ya mwendo wa pole. Asitazame saa mpaka afike kwenye jiwe. Akikisia muda wake bila kukosea kwa zaidi ya sekunde tano, miguu imeanza kuwa saa.

Zoezi la pili ni kushikilia kasi hiyo hiyo kwa mfululizo katikati ya wiki, akianza na kilomita sita na kupanda taratibu hadi 14 au 16.

La tatu ni mbio ndefu za mwisho wa wiki. Aanze na kilomita 16 na kuongeza kidogo kidogo hadi 30, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza. Baada ya wiki kadhaa, kilomita nane za mwisho azikimbie kwa kasi ya mashindano. Hapo ndipo mwili uliochoka hufunzwa kutobadili mwendo. Wiki tatu kabla ya mashindano, apunguze mazoezi.

Mambo mawili ni ya kuzingatiwa. Kwanza, jua la Mwea ni kali: heri kuondoka alfajiri, na siku ya joto kupunguza kasi badala ya kushindana na saa. Mvua inaponyesha, udongo mweusi hunata viatuni, na ni afadhali kutafuta lami kwa hadhari ya magari. Pili, anayetoka tambarare akakutana na mlima asing'ang'anie kasi ile ile. Adumishe juhudi ile ile, saa itajirekebisha kwenye mteremko.

Siku yenyewe ikiwadia, kilomita 10 za kwanza zitaonekana rahisi mno, na wengi watampita. Awaache. Ikiwa ameshika kasi yake, atakutana na wengi wao baada ya kilomita ya 35, wakitembea.