Umri wa Mwamba ni Umri wa Nini?

Mabara tunayoishi juu yake hayajatulia. Yamebebwa na mabamba, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la Dunia, ambavyo huachana, husuguana na kugongana kwa mwendo wa sentimita chache kwa mwaka. Bamba la sakafu ya bahari linapokutana na bara, huinama na kuzama chini yake. Kwamba Dunia ya leo hufanya kazi hivyo halibishaniwi; kinachobishaniwa ni lini ilianza. Sakafu ya bahari iliyopo sasa haiwezi kujibu, maana karibu yote haijafikisha miaka milioni 200. Ushahidi wa kale zaidi hutafutwa barani, hasa katika miamba metamofiki.

Mwamba metamofiki ni mwamba uliobadilishwa na joto na shinikizo bila kuyeyuka wote. Ni kama chungu: tanuri haliyeyushi udongo, lakini kinachotoka humo si udongo tena. Mwamba huo huenda ulianza kama zaha au matope, kisha ukabadilika mara moja, mara mbili au zaidi. Kwa hiyo hauna umri mmoja, na anayeupima hana budi kueleza ni tukio lipi analolipima.

Saa inayotegemewa zaidi ni urani, ambayo atomu zake huoza polepole hadi kuwa risasi. Nusumaisha, yaani muda wa kuoza kwa nusu ya atomu zilizopo, ni takriban miaka bilioni 4.47 kwa urani-238 na miaka milioni 704 kwa urani-235. Madini yaitwayo zirikoni yanaifaa saa hii kwa sababu fuwele yake inapokua hupokea urani na kukataa karibu risasi yote. Risasi inayokutwa ndani yake baadaye imezalishwa humo humo. Tena, kwa kuwa urani hizo ni mbili, kila fuwele ina saa mbili. Zikikubaliana, jibu huaminika. Zikipishana, huenda risasi imevuja au sehemu za umri tofauti zimepimwa kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba zirikoni ni sugu mno. Fuwele iliyozaliwa ndani ya volkano yaweza kuzikwa, kuchomwa na kuibuka tena huku kiini chake kikitunza tarehe ya kwanza, na ukingo mpya ukiwa umeota kukizunguka. Ndiyo sababu mtambo wa SHRIMP, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, huelekeza mwale wa ioni kwenye doa lenye upana wa mikromita 20 hadi 30 tu. Kiini hupimwa peke yake, na ukingo peke yake.

Tarehe ikishapatikana, bado haijatuambia mwamba ulikuwa kina gani. Hilo husomwa katika madini yenyewe. Tuchukue eklojiti za kilima cha Yalumba, katika ukanda wa Usagara nchini Tanzania, pembezoni mwa kiini cha kale cha bara kiitwacho kratoni ya Tanzania. Eklojiti ni basalti iliyoshinikizwa hadi madini yake ya feldispa yakatoweka, ikabaki hasa ganeti nyekundu na piroksini ya kijani. Kemia ya eklojiti za Yalumba inafanana na ya basalti ya sakafu ya bahari. Madini yake yanaonyesha shinikizo la takriban kilobari 18, sawa na kina cha kilomita 60 hivi, kwa joto la karibu nyuzi 750.

Tugawe 750 kwa 60: tunapata nyuzi 12 au 13 kwa kila kilomita. Katika ganda la kawaida la bara, karibu na uso, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 kwa kilomita. Mwamba wa Yalumba basi ulifika chini sana ukiwa bado baridi kuliko kina chake kilivyostahili. Miamba hupitisha joto polepole, kwa hiyo bamba linalozama haraka hushuka kabla halijapata moto. Njia nyingine ya kuueleza ubaridi huo ni ngumu kuipata.

Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walichapisha umri wa madini ya monaziti na titaniti ya eneo hilo: takriban miaka bilioni 2. Vipimo vya zirikoni vilivyofuata vilithibitisha umri huo.

Lakini namba huunganishwaje na kina? Ganeti inapokua hufyonza elementi adimu zilizo nzito, nayo feldispa hupenda europi, mojawapo ya elementi adimu. Ukingo wa zirikoni uliokua kando ya ganeti, pasipo feldispa, utakuwa haba wa elementi hizo nzito na hautapungukiwa na europi. Ukingo wenye alama hizo ndio wenye haki ya kuitwa umri wa eklojiti.

Umuhimu wa kanuni hii unaonekana kaskazini-magharibi mwa Urusi, katika eneo la Belomoria. Eklojiti za huko ziliwahi kutangazwa kuwa na zaidi ya miaka bilioni 2.7. Watafiti wengine, wakipima ganeti yenyewe na kingo za zirikoni, walipata takriban bilioni 1.9. Kwa maoni yao, tarehe kongwe ni za kuzaliwa kwa mwamba, si za kuzama kwake. Tofauti hiyo ya miaka milioni 800 inatokana na swali moja: ni sehemu ipi ya fuwele iliyopimwa?

Sasa tunaweza kuhukumu. Yalumba inaonyesha kwamba miaka bilioni 2 iliyopita sakafu ya bahari ilikuwa ikizama chini ya bara kwa namna inayofanana na ya leo. Haionyeshi kwamba ndipo mwendo huo ulipoanza. Huenda Dunia ya kale zaidi ilikuwa na moto mwingi mno, hata mabamba yaliyozama hayakubaki baridi kiasi cha kuacha eklojiti za aina hii. Huenda pia ziliachwa, zikafutwa na mageuko ya baadaye. Kwa hiyo Yalumba ni kikomo cha chini: mwanzo haukuchelewa kupita hapo. Atakayedai tarehe ya mapema zaidi hana budi kuonyesha kwa pamoja umri, kina na joto, vyote vikiwa vimesomwa katika madini yaliyokua wakati mmoja.