Maji inatoka kidogo? Muangalie kwanza waya



Wakati wa kiangazi, nyanya na vitunguu vyetu vinategemea pompi ya sola. Mara nyingi wanachama wanatuuliza: «Pompi ni mpya, batri imejaa, lakini maji inatoka kidogo. Tuuze plake ingine?» Tunawaomba: musitoe kwanza feza ya koperativi. Pengine ubaya uko kwenye waya.

Umeme iko na mambo matatu. Volti ni nguvu inayosukuma, sawa vile tanki ya maji iliyo juu. Ampea ni wingi wa umeme unaopita, sawa vile maji ndani ya tuyo. Omu ni kizuizi: tuyo ndefu na nyembamba inazuia maji, na waya mrefu na mwembamba unazuia umeme. Mwaka 1827, Mjerumani Georg Ohm alionyesha namna mambo haya yanashikamana: volti = ampea × omu.

Tupige hesabu. Batri ya volti 12 iko kwenye depo, pompi iko mtoni, umbali wa metre 30. Umeme unaenda na kurudi, basi waya ni metre 60. Waya wa shaba wa 1,5 (milimetre za mraba) uko na karibu omu 0,7. Pompi ikivuta ampea 5, tunapata 5 × 0,7 = volti 3,5. Hizo zinapotea njiani na kupasha waya moto. Pompi inabaki na volti 8,5 tu: inazunguka polepole, maji haipandi. Plake ingine haitaponya ubaya huo.

Tukiweka waya wa 6, omu inashuka mpaka 0,175. Hasara haifike volti 1, na pompi inapata karibu 11,1.

Basi tufanye hivi:
– Batri ikae karibu na pompi, mahali pakavu.
– Waya wa mbali uwe mnene, tena wa shaba. Aluminiamu inazuia zaidi.
– Viungo vikazwe na visafishwe kutu.
– Kama munauza pompi mpya ya mbali, muchague ya volti 24: kwa kazi ile ile inavuta nusu ya ampea.

Na fundi asiondoke mbele ya kupima volti kwenye pompi yenyewe, wakati inazunguka. Kupima kwenye batri peke yake hakuonyeshi kinachopotea njiani.