Nani Anashika Kijiko?



Hii hadithi wengi wetu tunaijua. Kahawa imevunwa, imetolewa maganda, imeoshwa, imeanikwa siku nyingi juu ya meza, na akina mama wamechagua punje moja moja mpaka macho yakauma. Mfuko mdogo wa sampuli unaondoka Minova, ao Kalehe, ao Idjwi, unaenda mbali. Majuma yanapita. Kiisha ujumbe unaingia katika simu ya msimamizi wa stesheni: 78. Basi, hakuna neno lingine. Kahawa ambayo ilitakiwa kulipwa bei ya kahawa nzuri inalipwa bei ya kahawa ya kawaida, na prezidenti anasimama mbele ya wanamemba kueleza namba ambayo yeye mwenyewe hajafundishwa inatoka wapi.

Katika gazeti hili tumeandika mara nyingi juu ya shamba na stesheni. Leo tunaenda upande mwingine: watu waliotunga hiyo namba. Juu haikuanguka toka mbinguni. Kuna shirika lililoifundisha dunia, shirika hilo lina viongozi, na mwaka 2025 viongozi hao walifanya uamuzi mmoja mkubwa ambao huku vijijini haukusikika hata kidogo.

Shirika linaitwa Coffee Quality Institute, kwa kifupi CQI. Liko Marekani, katika jimbo la California, na lilianzishwa mwaka 1996. Ni shirika lisilo la faida, tungesema ASBL. Halinunui kahawa wala haliuzi. Kazi yake ni kufundisha. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 limefundisha waonjaji wa kahawa wanaoitwa Q Grader, na mtu mwenye hati hiyo akiweka alama huko Seoul ao Addis Abeba, mnunuzi wa London anaiamini bila kuuliza sana.

Mtu aliyeacha alama kubwa juu ya kazi hii ni Ted Lingle. Alizaliwa katika familia ya wafanyabiashara wa kahawa. Mwaka 1982 alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha Marekani cha kahawa bora, akakiongoza miaka mingi, akaandika kitabu cha kufundisha kuonja ambacho waonjaji wengi walijifunza nacho. Mwaka 2006 aliacha chama akaenda kuongoza CQI. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza, gumu kulifanya: muuzaji na mnunuzi wawe na lugha moja. Zamani mnunuzi alisema “kahawa hii si nzuri”, na mkulima alikuwa na jibu gani? Hana. Lakini kama wote wawili wamefundishwa kuonja kwa namna moja, mkulima naye anaweza kusema: hapana, rudia, onja tena kikombe cha tatu.

Tuangalie basi namna lugha hiyo inavyofanya kazi, juu hapa ndipo pesa yetu iko. Tueleze ile fomu ya zamani, ambayo wanunuzi wengi waliizoea.

Kwanza macho. Wanachukua gramu 350 za kahawa kavu isiyokaangwa na kuhesabu punje mbaya. Ile mbaya kabisa, kama punje nyeusi ao chachu, hairuhusiwi hata moja. Makosa madogo yanaruhusiwa paka matano. Kiisha wanakaanga, wanasaga, wanatia katika vikombe vitano, wanamwaga maji ya moto, wanangoja kama dakika nne, wanavunja ule ukoko wa juu kwa kijiko na kunusa. Ikipoa kidogo wanaanza kuvuta kwa kijiko, kwa kelele, na kutema. Mtu asiyezoea anaweza kufikiri wanacheza.

Vitu 10 vinapewa alama, kila kimoja mpaka 10: harufu, ladha, ladha inayobaki mdomoni, uchachu, uzito, namna vyote vinavyopatana, na kadhalika. Jumla ni 100. Ukifika 80, kahawa yako inaingia katika kundi la kahawa bora. Chini ya hapo, inauzwa kwa bei ya soko tu.

Sasa sikilizeni vizuri, mama na baba. Vitu vitatu kati ya hivyo 10 vinahesabiwa kikombe kwa kikombe, alama 2 kila kikombe: usafi, utamu, na usawa wa vikombe vyote vitano. Tuseme kahawa yenu ni ya 86. Lakini katika kikombe kimoja, kimoja tu kati ya vitano, imetokea ile ladha ya kiazi tunayoijua sisi, jirani zetu wa Rwanda na wa Burundi. Kikombe hicho kinapoteza alama 2 za usafi. Kinapoteza 2 za usawa juu hakifanani na wengine. Kiisha mwonjaji anatoa faini ya kosa kubwa, alama 4 kwa kikombe. Zote pamoja ni 8. Kutoka 86 tumeshuka 78.

Kumbe kahawa haikuwa mbaya. Punje moja ndani ya kikombe kimoja ndiyo iliyoshusha lote. Ladha hiyo inahusishwa na kunguni wa kahawa, yule mdudu antestia anayetoboa tunda lingali juu ya mti. Dawa yake inaanzia shambani: kukata matawi ili mti upate hewa, kuwinda mdudu. Stesheni inaendelea: kuelesha matunda ndani ya maji na kuondoa yale yanayoelea, kiisha kuchagua kwa mkono juu ya meza. Lakini ujumbe wa simu haukusema “kiazi, kikombe kimoja”. Ulisema 78. Koperative iliyoambiwa 78 peke yake inaweza kubadilisha mbegu, ama kufukuza msimamizi, ama kukata tamaa, kumbe kazi ilikuwa kuchagua vizuri zaidi. Kwa maoni yetu, kumpa mkulima namba bila ile karatasi ya maelezo ni kama daktari kumwambia mgonjwa “umeanguka mtihani” na kumrudisha nyumbani.

Turudi kwa viongozi. Wazo la lugha moja lilikuwa zuri, na lilizaa matunda. Ng'ambo ya ziwa, Rwanda, mradi wa PEARL ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na vyuo vikuu viwili vya Marekani, pamoja na Chuo Kikuu cha Butare, ulijenga stesheni za kuoshea na kufundisha vijana wa Rwanda kuonja. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya lile shindano la Cup of Excellence, ambamo kahawa zinazoshinda zinauzwa kwa mnada. Watu wa Minova hawahitaji kuambiwa matokeo: kwa miaka mingi kahawa yetu ilipanda mtumbwi usiku kuvuka ziwa, na wengine hawakurudi. Kilichoivuta kule ni bei, na bei ililetwa na stesheni pamoja na watu waliojua kuonja. Sopacdi, koperative iliyoanzishwa na Joachim Munganga mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000, ilijibu kwa kujenga njia ya kuuza toka upande huu, kahawa iliyooshwa hapa.

Lakini lugha moja inataka shule, na shule inataka pesa. Kupata hati ya Q Grader ilikuwa siku chache za masomo na mitihani karibu 20: kutambua kikombe tofauti kati ya vitatu, kutambua asidi, kutambua harufu, kuweka alama karibu na za wengine. Bei, zaidi ya dola 1000. Tena hati inakaa miaka 3 tu. Kiisha unarudi kupimwa upya na kulipa upya. Kijana wa Kalehe atatoa wapi? Ndiyo maana Korea Kusini, nchi ambayo hailimi kahawa ya kuhesabika, ikawa kati ya nchi zenye waonjaji wengi wa aina hii, na sisi tunaolima tunahesabu wetu kwa vidole. Hatusemi viongozi walipanga hivyo. Shirika lisilo na mwenyewe linaishi kwa vitu viwili: wafadhili, na ada za wanafunzi. Wanafunzi wenye pesa wako mjini, na shule inafuata pale wanafunzi wako.

Sasa ule uamuzi. Katika miaka hii CQI ilikuwa inaongozwa na Michael Sheridan, mtu aliyefanya kazi miaka mingi na wakulima wa kahawa wa Amerika ya Kilatini akiwa na Catholic Relief Services. Mwezi wa 4 wa mwaka 2025, CQI na chama kikubwa cha Specialty Coffee Association, SCA, walitangaza kwamba toka mwezi wa 10 shule ya Q Grader itaendeshwa na SCA, na namna mpya ya kupima. CQI yenyewe ilisema itaelekeza nguvu zake zaidi kwa upande wa wakulima. Wenye hati za zamani waliambiwa wapite somo la kuhamia. Waonjaji na walimu wengi walilalamika hadharani, juu ya gharama na juu ya namna uamuzi ulivyofanywa.

Mwaka 2025 sisi tunaujua wenyewe. Benki zilifungwa Goma na Bukavu, pesa za USAID zilisimama, na mtu aliyekuwa na magunia ndani ya depo alikuwa na mambo mengine ya kufikiri. Ndiyo maana habari hii ilipita bila kelele. Lakini inatuhusu.

Kuna zuri ndani yake. Namna mpya inatenga mambo ambayo zamani yalichanganywa. Karatasi moja ni ya kueleza tu: kahawa hii ina harufu gani, uchachu gani, uzito gani, bila kusema nzuri ao mbaya. Karatasi nyingine ni ya kupenda: mwonjaji anasema anavyoipenda, toka 1 mpaka 9. Kuna ya punje, na kuna ya habari za nje ya kikombe, kama nani aliyelima na wapi. Kwa koperative hii ni nafasi. Sasa ukiambiwa “sikuipenda”, unaweza kujibu: sawa, hilo ni lako, nipe ile karatasi ya kueleza, niipelekee mnunuzi mwingine ambaye uchachu wa Kivu ndio anautafuta.

Lenye kutusumbua ni lingine. Koperative yetu ina mkutano mkuu. Sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, inatupa kila mmoja kura moja, awe na miti 200 ama 2000. Komite ikifanya vibaya tunaitoa. Shirika kama CQI halina mkutano wa namna hiyo. Lina baraza, na watu wa baraza hasa ni watu wa biashara ya kahawa. Mkulima hawezi kumtoa direkta. Anangoja tu kuona kilichoamuliwa.

Je, inaweza kuwa tofauti? Inaweza. Mwaka 1988, huko Uholanzi, padri Frans van der Hoff, aliyekuwa anaishi na wakulima wa kahawa wa Oaxaca, Mexico, na Nico Roozen wa shirika la Solidaridad walianzisha stashara ya Max Havelaar kwa ombi la wakulima wenyewe, wa koperative ya UCIRI. Hata hapo, kwa miaka mingi wakulima walikuwa wageni mezani. Mashirika yalipoungana mwaka 1997, wenye sauti kubwa walikuwa nchi zinazonunua. Wakulima wa Amerika ya Kilatini, Afrika na Asia walisukuma, walirudi, wakasukuma tena, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakapata nusu ya kura za mkutano mkuu wa Fairtrade. Na mwezi wa 8 mwaka 2023 bei ya chini ya arabika iliyooshwa ilipanda toka dola 1,40 mpaka 1,80 kwa paundi moja ya gramu 454. Kuna wanaosema haitoshi, tena hati ya Fairtrade nayo ina gharama zake. Lakini wakulima walikuwa ndani ya chumba.

Kwa hiyo, kabla serizi za msimu mkubwa hazijaiva, komite iweke neno hili katika mkutano. Kila sampuli inayotoka iende na barua fupi ya kuomba karatasi nzima ya kuonja, kikombe kwa kikombe, si namba tu. Bakisheni stesheni mfuko wa pili wa kahawa ile ile, umefungwa na kuandikwa tarehe na namba ya loti, ili mkibishana kuwe na kitu cha kuonja tena. Mnunuzi ao mradi ukiwapa nafasi ya masomo, mpeleke msichana ao mvulana atakayerudi kukaa stesheni, tena muulize mapema nani atalipa baada ya miaka 3. Na karatasi zikifika, msizifungie ndani ya ofisi. Zibandikeni ukutani pale akina mama wanapochagua kahawa, juu wao ndio wanaweza kuiona ile punje moja.