Umeme wa MGB Kuukuu: Toa Pesa Wapi, Bana Wapi

Umenunua MGB. Rangi inang'aa, injini inanguruma vizuri, lakini taa ya nyuma inafifia ukikanyaga breki, na asubuhi unakuta betri haina kitu. Fundi wa kwanza anakwambia wayaringi yote imekwisha, ing'olewe. Usitoe pesa bado.

Magari haya yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Umeme wake ni wa kizamani na hauna kompyuta, kwa hiyo hitilafu hutafutwa kwa kupima, si kwa kubahatisha. Anayebahatisha hununua betri, kisha altaneta, kisha koili, na mwishowe anagundua kwamba kosa lilikuwa nati moja yenye kutu.

Nunua kipimo kabla ya spea

Multimita ya bei ya chini inatosha kupima volti. Betri iliyojaa na kupumzika isome kama 12.6. Injini ikiwaka, ukikanyaga mafuta kidogo, isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki chini ya 13, tatizo liko kwenye kuchaji, na betri mpya itakufa kama ya zamani.

Kisha pima ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Washa taa, gusisha ncha moja kwenye nguzo ya betri iliyofungwa bodini, na nyingine kwenye chuma cha taa. Ukipata zaidi ya nusu volti, umeme unakwama kurudi. Fungua nati ya ethi, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Gharama yake ni msasa na pengine waya mmoja mpya. Taa zinazofifia kwa zamu mara nyingi huponea hapa.

Fyuzi: senti chache, hasara kubwa

Fyuzi za kioo za Kiingereza zilizoandikwa 35 hukatika zikifika ampea 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni ampea 17 tu. Fyuzi nyingi za kioo zinazouzwa madukani kwetu huandikwa mzigo wa kudumu. Ukiweka ya 30 au 35 ya aina hiyo, waya utaungua kabla yake. Usipopata ya Kiingereza, chukua ya 15 au 20. Ukikuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, itoe leo.

Betri: mbili ndogo au moja?

Hadi 1974 MGB ilikuwa na betri mbili za volti 6 nyuma ya viti. Kuzibakiza kunalinda uasili wa gari, lakini unalipa mara mbili, na betri za volti 6 za kipimo hicho ni adimu madukani. Moja ya volti 12 hupatikana kirahisi na ina dhamana ya dukani. Pima kisanduku kabla ya kulipa, urefu kwa kimo, kwa sababu betri nyingi hazitaingia.

Ongeza swichi ya kukata betri. Ni kifaa cha bei nafuu, na ndicho kinachokulinda na moto na betri kuisha usiku wakati bado unatafuta kosa.

Kama gari lako ni la kabla ya mwisho wa 1967, angalia nguzo ipi imefungwa bodini. Mengi ya wakati huo yalitoka kiwandani na chanya bodini. Redio ya kisasa au chaja ya simu ikifungwa humo bila kujua itaungua, na hakuna duka litakalokurudishia pesa.

Dainamo au altaneta?

Magari ya mwanzo yana dainamo. Mafundi wa kusuka mota wanaweza kubadilisha kaboni na bushi zake kwa pesa kidogo. Udhaifu wake ni kwamba injini ikizunguka polepole gari limesimama, haichaji vya kutosha, na foleni za jioni zenye taa na feni zitaimaliza betri. Ukitembea Jumapili mchana tu, itengeneze na uendelee. Ukiendesha mjini kila siku, altaneta inastahili pesa yake, lakini jumlisha pia gharama ya kugeuza mfumo uwe hasi bodini.

Platini au kielektroniki?

Seti ya platini na kondensa ni pauni chache. Kifaa cha kielektroniki huanzia kama pauni 40 na kupita 100. Cha kielektroniki hakihitaji kurekebishwa kila mara na injini hupunguza kumisi. Lakini kikifa njiani Chalinze saa mbili usiku, kimekufa. Platini ungeikwangua ukafika. Ukikinunua, weka seti ya zamani kwenye buti.

Kabla ya kulaumu moto wa plagi, sikiliza pampu ya mafuta. Ni ya umeme, iko nyuma, na ina platini zake ndani. Ukifungua swichi na usisikie ikigonga, anza nayo.

Relei za taa: nunua

Umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi, ndiyo maana swichi hupata moto na taa huwa hafifu. Relei mbili na fyuzi zake zinapatikana karibu kila duka la umeme wa magari. Kwa pesa kidogo unapata mwanga zaidi na unaiokoa swichi ambayo ni ghali kuagiza.

Wayaringi mpya ni ya mwisho

Seti kamili kutoka Uingereza ni takriban pauni 250 hadi 500, bila usafiri. Inafaa pale tu waya umeungua, umeliwa na panya au ganda lake linavunjika ukiukunja. Hutofautiana kwa mwaka na kwa upande wa usukani, na MGB nyingi ziliuzwa Marekani, usukani kushoto. Agiza kwa namba ya chesisi.

Kusukiwa na fundi wa hapa ni nafuu zaidi, ila shikilia rangi za asili: kahawia umeme wa moja kwa moja, nyeupe wa swichi, kijani wa swichi uliopita kwenye fyuzi, zambarau wa moja kwa moja uliopita kwenye fyuzi, nyeusi ethi. Ukikubali waya wote wawe wekundu, kila fundi ajaye atakutoza muda wa kuutafuta. Na ukiishi Tanga, Mombasa au Unguja, kataa viungio vya kubana vinavyotoboa ganda la waya; hewa ya chumvi huvila. Dai viunganishwe kwa risasi na kufunikwa.

Gharama zisizoandikwa kwenye bei

Unapoagiza Uingereza, omba bei isiyo na VAT yao ya asilimia 20, kwa kuwa bidhaa inasafirishwa nje. Utalipa ushuru na VAT ya kwako: asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya, ikihesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri, bima na ushuru. Kusanya mahitaji uagize mara moja.

Angalia pia amana ya kifaa cha zamani. Altaneta au stata iliyotengenezwa upya huonekana rahisi kwa sababu duka linategemea ulirudishie ya zamani. Kuirudisha kutoka Dar kunaweza kuzidi amana yenyewe, basi ihesabu kama sehemu ya bei.

Kwa fundi, patana mbali malipo ya kutafuta kosa na mbali ya kutengeneza. Dai risiti na kila kilichotolewa. Spea za umeme mara nyingi hazirudishwi zikishafungwa, hivyo akisema "tujaribu kubadilisha", mwombe kwanza akuonyeshe kipimo.

Ukiwa na pesa kidogo mwezi huu, fuata mpangilio huu: multimita na swichi ya betri, ethi na fyuzi sahihi, kisha matengenezo ya kuchaji. Relei zifuate. Platini za sasa zinatosha mpaka mwakani, na wayaringi iguse tu ukiwa umeona kwa macho yako waya ulioungua.